Bei ya programu na hela ya mtengenezaji kwenye masoko ya mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa vijana wanaopita ofisini kwetu Mwanjelwa, Mbeya, wengi wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST, wachache kutoka Iringa na Njombe, na mengine huingia kwa simu usiku watu wakishafunga shughuli. Yanajirudia mno, nikiyajibu moja moja kazi yangu inalala. Mimi natengeneza na kuuza programu za kutunza hesabu za maduka, kwa hiyo majibu ni ya mtu mwenye meza sokoni. Dola nimeihesabu kwa shilingi 2,500 ili tusisumbuane na hesabu.

## Tuelewane kwanza

"Soko la mtandaoni" ni lipi? Google Play, Fiverr na Instagram ni kitu kimoja?

Ni vitu tofauti. Kuna duka la programu, kama Google Play, App Store ya Apple, au Steam kwa michezo ya kompyuta: unapeleka bidhaa, wao wanaipanga kwenye rafu, wanapokea hela, wanakata chao, kinachobaki kinakuja kwako. Kuna soko la kazi, kama Fiverr na Upwork, ambako unauza muda na ujuzi wako kwa mteja mmojammoja. Halafu kuna soko la mafaili, kama Gumroad na itch.io, la vitabu pepe, midundo, michoro, violezo na michezo midogo.

Instagram na magrupu ya WhatsApp ni kijiwe cha kutangazia. Huko hakuna anayekukata asilimia, na hakuna anayekukusanyia hela vilevile.

Kwa nini watu wanataka programu bure wakati mimi imenichukua miezi sita kuitengeneza?

Kwa sababu soko lenyewe ndilo limewazoesha. Zamani programu ilikuja kwenye boksi, ndani kuna CD, na ilikuwa ghali kwa sababu maduka yalikuwa machache na kuifikisha kwa mnunuzi kulikuwa na gharama. Julai 2008 Apple ikafungua duka lake likiwa na programu kama 500. Oktoba mwaka huohuo Google ikafungua lake, wakati huo likiitwa Android Market. Ndani ya muda mfupi senti 99 za dola ikawa bei ya kawaida. Orodha ya zinazoongoza ilipangwa kwa wingi wa kupakuliwa, hivyo aliyeshusha bei alipanda juu, aliyepanda juu ndiye aliyeonekana, na waliobaki chini wakashusha nao. Baadaye wakatokea walioondoa bei kabisa wakaweka matangazo.

Tazama tofauti na viazi. Mkulima wa Isyonje kila gunia limemla mbolea, dawa na nauli ya gari. Bei ikishuka chini ya hapo, msimu ujao anapanda kitu kingine. Kwa programu, nakala ya kwanza ndiyo iliyokula miezi sita, ya pili haikugharimu kitu. Ukiwa sokoni na wenzako mia wenye kitu kinachofanana, kila mmoja anaweza kushusha kidogo bila kusikia maumivu siku hiyo, mpaka bei igote sifuri. Na programa mwenyewe haachi kulima. Anaendelea kuandika usiku akiamini ya kesho itauzika.

Ongeza hapo kampuni kubwa zinazogawa kalenda, kikokotoo na daftari bure kwa sababu zinapata hela yao kwingine. Ukitengeneza kikokotoo cha elfu nne, umejipeleka mwenyewe. Bei hukimbilia sifuri pale bidhaa yako inapoweza kubadilishwa na ya mwingine bila mteja kuona tofauti.

Makato ya duka ni asilimia ngapi?

Wengi bado wananukuu 30. Hiyo ndiyo namba aliyoitangaza Steve Jobs wa Apple Machi 2008, mtengenezaji 70 na duka 30, na Google ikaifuata. Kwa watu wa saizi yetu imeshuka. Apple ilianza mpango wa wafanyabiashara wadogo tarehe 1 Januari 2021: ukiingiza chini ya dola milioni moja kwa mwaka unakatwa 15%, ila lazima uombe kujiunga. Google nayo, kuanzia Julai 2021, ikawa inakata 15% kwenye dola milioni moja ya kwanza ya kila mwaka. (Sijakutana na mtu wa Mbeya aliyeivuka hiyo milioni. Kama ni wewe, chai iko juu yako.)

Steam hukata 30%, ikishuka hadi 25 mchezo ukivuka mauzo ya dola milioni 10, na 20 ukivuka milioni 50. Maana yake mwenye nacho ndiye anayepunguziwa. Epic Games Store ilifunguliwa Desemba 2018 kwa 12%. itch.io inakuachia uchague mwenyewe, na usipogusa kitu ni 10.

Usisahau kiingilio: dola 25 mara moja kwa Google, dola 99 kila mwaka kwa Apple, dola 100 kwa kila mchezo Steam. Mradi wa mafunzo usiukatie leseni ya Apple.

Basi nikitafuta duka lenye makato madogo, nimetoka?

Bado. Hapa ndipo nabishana na vijana zaidi ya sehemu nyingine yoyote. Asilimia 15 ya sifuri ni sifuri, na 30 ya sifuri ni sifuri ileile. Mtu mwenye wapakuaji 40, asiye na hata mmoja aliyelipa, akinilalamikia makato, najua hajapiga hesabu.

Angalia Gumroad inavyotoza. Mteja akija kwa kiungo ulichomtumia mwenyewe, wanakata 10% na senti 50 za dola juu yake. Mteja huyohuyo akikukuta kupitia sehemu yao ya soko, wanakata 30%. Bidhaa ni ileile. Tofauti ni nani aliyemleta mteja, kwa hiyo makato mengi ya masoko haya, ukiyachambua, ni bei ya kuonekana. Duka la makato madogo mara nyingi ni duka ambalo watu hawapiti. Ni kama kupewa meza bure nyuma ya soko la Sido, ambako hata muuza karanga hafiki.

Swali la kujiuliza kabla ya kulia na makato: mteja wangu kaletwa na duka, au nimemleta mimi? Kama duka limemleta, limefanya kazi, lilipwe. Kama umemleta kwa miguu yako toka Kabwe mpaka Uyole, tafuta njia halali ya kumwuzia wewe mwenyewe (soma jibu la kuuza nje ya duka, chini).

## Kupanga bei

Niweke shilingi ngapi?

Anza na hela unayotaka ibaki mkononi, urudi nyuma. Tuseme unataka 600,000 kwa mwezi. Ukiuza kwa dola moja Google Play, 2,500 ikitoka makato ya 15% inabaki 2,125. Unahitaji wanunuzi 283. Mwezi ujao unahitaji wengine 283 wapya, kwa sababu wa kwanza wameshanunua na hawarudi. Kwa mwaka ni karibu 3,400, wote wenye kadi au njia ya kulipa inayokubalika dukani, wote wakikuona kati ya programu mamilioni.

Sasa chukua programu inayojua kitu cha hapa. Mwenye duka la dawa muhimu Mbalizi ana tatizo la dawa kuisha muda zikiwa rafuni. Boksi moja likiharibika ni hasara inayozidi 30,000. Ukimwuzia kwa 30,000 kwa mwezi, maduka 20 yanakupa zile 600,000, na mwezi ujao ni wale wale 20. Ishirini unaweza kuwatembelea kwa wiki moja kwa bajaji. Unamjua kila mmoja kwa jina, naye anajua pa kukupata mashine ikigoma, na hiyo ndiyo sababu hakuachi kwa ajili ya kitu cha bure kilichotengenezwa mbali.

Nimefika kwenye bei hii kwa kuchelewa. Miaka miwili ya kwanza niliuza kwa 5,000 mara moja, nikiona aibu kutaja zaidi, kwa kuwa mtandaoni "kila kitu ni bure". Wateja waliitikia upesi, na upesi uleule wakaanza kunipigia usiku wa manane. Bei ya dola moja ilipangwa na soko lenye wanunuzi wa dunia nzima, na wewe ukiwa na wilaya mbili huna idadi ya kuibeba.

Nitoze mara moja au kila mwezi?

Waliowahi kuuza viazi au vitunguu wanaijua lumbesa: mnunuzi analipia gunia moja, lakini juu linashonewa kofia mpaka linakaribia gunia na nusu, na mkulima anakaa kimya kwa sababu gari linaondoka. Programu iliyouzwa mara moja na "maboresho bure milele" ni lumbesa. Simu zinabadilika, Android mpya inatoka kila mwaka, kodi inabadilika na risiti nayo ibadilike, wewe unaendelea kujaza gunia lililolipiwa 2021.

Ndiyo maana dunia nzima imehamia kwenye malipo ya kila mwezi, na maduka yameyapunguzia makato: Google ni 15% tangu Januari 2022, na Apple imekuwa ikishusha hadi 15 baada ya mteja kumaliza mwaka, hata kwa kampuni kubwa.

Ila usinakili "kila mwezi" kichwakichwa. Mkulima wa parachichi Rungwe hana mshahara wa tarehe 25. Tulipowatoza wenye maduka ya pembejeo kila mwezi, Machi na Aprili walikuwa wanazima. Tukabadilisha: malipo ya msimu, mara mbili kwa mwaka, hela ikiwa imeingia. Shule zitoze kwa muhula. Maduka ya dawa na ya vyakula, ambayo hela inazunguka kila siku, hayo ndiyo ya kila mwezi.

Nikiiweka bure na matangazo?

Inafaa kwa kitu kinachofunguliwa mara nyingi na watu wengi sana: michezo, ratiba za mpira, redio. Tangazo hulipwa kulingana na anayelitazama yuko nchi gani, na mtazamaji wa Tanzania analipiwa kidogo mno kuliko wa Marekani au Ulaya. Programu ya hesabu za duka yenye watumiaji 60 haitakununulia hata bando.

Na uangalie mlango huu: kwenye Google Play, programu ukishaichapisha kuwa ya bure huwezi kuigeuza kuwa ya kulipia. Itabidi uanze upya na jina jipya la kifurushi (utambulisho wa programu dukani), bila wapakuaji na bila maoni yako ya zamani. Unaweza kuuza vitu ndani yake, lakini mlango wa kuingilia hautatozwa tena. Wengi hulijua hili wakiwa wameshabonyeza.

Nimeshusha bei nusu na mauzo hayakupanda. Kwa nini?

Waliokuwa hawakuoni bado hawakuoni. Bei haimfikii mtu ambaye hajui upo. Kwa mwenye biashara, tena, bei chee inatia shaka: atakuuliza kama utakuwepo mwakani.

Naweza kuandika bei kwa dola?

Kwa mteja wa ndani, andika shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zinakataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma nchini. Kwenye Google Play weka bei ya shilingi wewe mwenyewe. Ukiacha mtambo ubadilishe dola, mteja anakutana na namba za ajabu kama 2,637.

## Hela kufika mkononi

Hela inatokaje Google mpaka benki ya Mbeya?

Mauzo ya mwezi mmoja hulipwa katikati ya mwezi unaofuata, kama umefikisha kiwango cha chini. Kwa malipo yanayokuja kwa njia ya benki za kimataifa kiwango hicho ni dola 100. Usipofika, hela inasubiri mwezi mwingine. Kwa mwenye mauzo ya dola 20 kwa mwezi, hiyo ni miezi mitano ya kusubiri. Benki nayo ina ada yake ya kupokea, kwa hiyo waulize kabla ya kufungua akaunti na ulinganishe benki mbili tatu. Mimi nilikaa na benki moja mwaka mzima bila kuuliza, nikaja kugundua ada ilikuwa inakula kuliko duka lenyewe.

Majina yafanane: kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki na akaunti ya duka. Jina la ukoo likiandikwa kwa herufi tofauti sehemu moja, malipo yanazuiwa. Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani wanayokuletea, W-8BEN. Ukiiacha wazi unaweza kukatwa zaidi ya inavyostahili.

Wateja wangu hawana kadi za benki. Wanalipaje?

Kwa simu. M-Pesa iko nchini tangu 2008, na sasa kuna Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa. Mteja wa Ileje analipia kwa Lipa Namba kuliko atakavyoandika tarakimu 16 za kadi. Kwa wateja wachache Lipa Namba inatosha: analipa, anakutumia ujumbe, unamfungulia. Wakifika hamsini utachoka, hapo unganisha kampuni ya kukusanya malipo ambayo itakutumia taarifa moja kwa moja kwenye seva (kompyuta yako ya mtandaoni). Nayo inakata asilimia yake, ndogo kuliko ya duka.

Lini unaruhusiwa kupokea kwa simu na lini duka litakasirika, soma jibu la kuuza nje ya duka.

TRA wananihusu?

Wanakuhusu ukianza kuuza. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure; jina la biashara unasajili BRELA kwa njia ya mtandao. VAT ya 18% inaanza kukuhusu mauzo yakizidi shilingi milioni 200 kwa mwaka. Watengeneza maudhui ya mtandaoni wanaolipwa na kampuni za hapa wajue kuna kodi ya zuio ya 5% inayokatwa kabla hela haijawafikia. Nenda ofisini uulize mapema. Wateja wakubwa, shule na ushirika, hawatanunua kwako bila risiti ya EFD hata kama programu ni nzuri kiasi gani.

Fiverr na Upwork je? Si bora kufanyia kazi wazungu tu?

Fiverr ilianza 2010 ikiuza kila kazi kwa dola 5, jina limetoka hapo, na kivuli cha ile bei hakijaondoka. Hukata 20% ya unacholipwa. Upwork ilikata 10% tangu 2023, na kwa mikataba mipya tangu 2025 makato yanakwenda kati ya 0 na 15. Kuomba kazi huko pia kuna gharama ya pointi za kununua.

Naijua hela iliyotoka huko. Imenilipia pango zaidi ya mara moja. Lakini angalia unachokusanya. Kwenye soko la kazi sifa yako ni nyota zilizoko kwenye akaunti yao, huwezi kuzihamisha. Akaunti ikifungwa, miaka minne ya nyota inabaki huko. Wanaofanikiwa niliowaona wamechagua kitu kimoja chembamba, wamepandisha bei taratibu, na hawajaacha wateja wa nyumbani.

## Kanuni na ugomvi

Naruhusiwa kuuza nje ya duka nikwepe makato?

Inategemea unauza nini. Bidhaa ya kushikika au huduma ya nje ya simu haina makato kabisa: programu ya kuagiza mchele wa Kyela, kukata tiketi ya basi la Mbeya kwenda Dar, kumwita fundi. Hapo pokea kwa simu bila hofu. Kitu cha kidijitali kinachotumika ndani ya programu iliyopakuliwa Google Play, mfano kufungua kurasa zaidi au masomo ya ziada, kwa kanuni ya kawaida kinalipiwa kwa mfumo wa Google.

Ugomvi wa kidunia uko hapohapo. Agosti 2020 Epic Games iliweka malipo yake ndani ya mchezo wa Fortnite. Apple na Google wakautoa dukani, kesi zikafunguliwa. Desemba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko San Francisco liliikuta Google na hatia ya kuhodhi soko. Aprili 2025 hakimu wa California aliikuta Apple imekiuka amri yake ya kuwaruhusu watengenezaji waelekeze wateja nje. Ulaya nako, sheria ya masoko ya kidijitali ilianza kuzibana kampuni hizo Machi 2024. Hukumu hizo ni za huko. Akaunti ya mtu wa Iringa haijabadilishwa nazo moja kwa moja, ingawa zimechangia makato kuanza kushuka sehemu nyingine.

Njia tuliyoshika sisi: mkataba tunauza dukani kwa mteja, ana kwa ana, kwa jina la biashara yetu, kama huduma inayojumuisha ufungaji, mafunzo na seva. Programu inamwomba tu namba yake ya kuingilia, na ndani yake hakuna kitufe cha kununua. Android, tofauti na iPhone, imeruhusu tangu mwanzo kusakinisha faili la APK (faili la programu yenyewe) bila duka, kwa hiyo wengine tunawawekea wenyewe kwa mkono.

Programu yangu imeondolewa dukani. Nimekwisha?

Hujakwisha, lakini umepata somo ghali. Ya kwangu iliwahi kuondolewa na duka moja kwa wiki nzima kwa sababu kiungo cha sera ya faragha kilikuwa kimekufa. Nilisahau kulipia tovuti. Hakukuwa na mtu wa kumpigia simu, ni barua pepe za mashine tu. Wateja waliokuwa nayo tayari hawakuathirika, na niliokuwa na namba zao niliwaeleza. Tangu siku hiyo naweka daftari la namba za wateja wote nje ya duka lolote.

Soma sababu waliyoandika, rekebisha hiyo tu, kata rufaa mara moja kwa lugha fupi. Usifungue akaunti mpya kwa jina la mdogo wako. Wakiziunganisha zinakwenda zote. Sera ya faragha unaihitaji kwa sheria ya hapa vilevile, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022.

Kabla ya kuiweka programu dukani, Google wananidai watu 12 wa kuijaribu kwa siku 14. Nawapata wapi?

Sharti hilo ni kwa akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023. Mwanzo lilikuwa watu 20, wakapunguza. Usinunue wajaribu wa mtandaoni. Nenda kwenye kwaya, timu ya mpira, chumba cha bweni. Waombe 18, maana wanne wataifuta programu kabla ya siku ya tano na wawili simu zao zitauzwa.

Mtu anagawa programu yangu kwenye flash. Nifanyeje?

Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na ulinzi unaanza ukishaiandika, hata kabla ya kusajili. Cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kinasaidia siku ya kuthibitisha. Kivitendo, kumfuata kijana wa flash pale sokoni kunakula muda kuliko hasara. Hamishia sehemu yenye thamani kwenye seva, ripoti zitoke huko, nakala isiyolipiwa ibaki ganda. Akiipandisha Google Play kwa jina lake, hapo lalamika. Fomu ya malalamiko ya hakimiliki ipo na huwa wanaiondoa.

## Mambo ya pembeni

Sitengenezi programu, nauza violezo na midundo. Hesabu ni ileile?

Karibu ileile, ila ogopa ada isiyobadilika. Kiolezo cha dola 2 Gumroad: senti 20 za asilimia na senti 50 za juu, jumla 70, umepoteza 35%. Cha dola 20 ukipoteza dola mbili na nusu ni 12.5%. Kwa hiyo usiuze vipande vidogo. Funga kumi viwe kifurushi.

Niingie iPhone?

Kama wateja wako wako Kariakoo na Masaki, pengine. Kwa wa Makambako, simu zao ni Android. Dola 99 kila mwaka ni karibu 250,000, na programu huondolewa dukani usipolipia.

Niko Tunduma, nusu ya wateja wako Nakonde ng'ambo. Bei moja?

Bei mbili. Google Play inakuruhusu kupanga bei kwa kila nchi, Zambia yake na hapa yake, na ukague kila robo mwaka kwa sababu kwacha inatikisika. Kwa wanaolipa kwa mkono, wafanyabiashara wa mpakani wengi wana laini za pande zote mbili, watakulipa kwa laini ya Tanzania ukiwapa nafasi ya kuchagua. Risiti iandikwe kwa shilingi.

Ushirika wa kahawa unataka kununua programu yote na msimbo wake (code). Niuze?

Uliza kwanza wanachohofia. Mara nyingi hawahitaji msimbo. Wanaogopa ukifa au ukihamia Dar wabaki na mashine isiyo na mwenyewe. Hofu hiyo inatibika kwa bei nafuu: leseni ya matumizi kwa ushirika huo tu, na nakala ya msimbo iwekwe kwa wakili, ifunguliwe ukishindwa kutoa huduma kwa miezi kadhaa mliyokubaliana.

Wakisisitiza kununua haki zote, jua kwamba siku hiyo unauza na wateja wako wa baadaye, kwani hutaruhusiwa kuiuza kwa ushirika wa jirani Mbozi. Kwa hiyo bei isiwe ya miezi sita uliyoandika. Hesabu ni wangapi wengine ungewauzia kwa miaka mitatu, weka nusu ya hiyo kama sakafu, na uandike kwenye mkataba kwamba vipande vya jumla, kama sehemu ya kuingilia na ya kuchapisha risiti, vinabaki vyako. Kijana mmoja hapa aliuza vyote bila mstari huo. Sasa anaandika upya sehemu ya risiti, kwa msimbo tofauti, kwa mara ya tatu.